Verni ya Viti Thelathini

Rumonge, 14 Januari 1962

Kwa Baba mdogo Alimasi, Baraka.

Assalaam aleikum. Natumaini Lukeba wa mtumbwi atakukabidhi barua hii ukiwa mzima, na mguu uliokuzuia kuja harusini umepoa. Huku kwetu hatujambo. Mama hajambo. Mvua ni nyingi, dagaa hizi za ndagala hazikauki, na akina mama wa ufukweni wanazigeuza juani na kuzikimbiza ndani mara tatu kwa siku. Lile sanduku ulilonitengenezea nilipokwenda kusoma kwa masista Usumbura liko chumbani mwetu. Upande mmoja nguo zangu, upande wa pili nguo za mume wangu.

Mume wangu! Baba mdogo, nimeandika neno hilo nikasimamisha kalamu kidogo ili nilitazame. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu Nasoro anioe, na kila asubuhi nashangaa upya kwamba mtu huyu yuko nyumbani kwangu na hakuna anayekuja kumdai. Ana mikono mipana yenye alama za patasi, lakini akinipa kikombe cha chai utadhani amebeba yai. Akirudi kutoka karakana ana vumbi la mvule kwenye nyusi. Mimi humpangusa kwa upindo wa kanga hata siku ambazo hana vumbi, naye huinamisha kichwa apanguswe.

Sasa nikueleze habari ya kitanda chetu. Alikitengeneza mwenyewe, miguu minne ya kuchongwa, na alitaka king'ae. Lakini yule Mgiriki aliyekuwa akiuza verni, yale mafuta ya kung'arisha mbao, amefunga duka na kuondoka na makopo yake yote. Anaogopa uhuru, wanasema. Nasoro akaniambia: "Tuko Rumonge. Mafuta tunawashinda watu wote. Kwa nini tungoje ya Ulaya?" Akachukua mawese, akayachemsha pamoja na ile sandarusi, utomvu mgumu wa mti, anayoleta Lukeba kutoka upande wenu wa ziwa, akapaka kitanda kizima. Kilitoka na rangi ya dhahabu. Nilitaka kulia kwa uzuri wake.

Hakijakauka mpaka leo. Shuka inanata, mto unanata. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu niliamka mkono ukiwa umegandia kwenye ubao wa kichwani, Nasoro akaja kunibandua kidole kimoja kimoja huku anacheka. Sisimizi wametuvamia mara mbili. Jirani yetu Généreuse, anayeuza mawese sokoni, alikuja kutazama. Akagusa kwa kidole, akanusa, akasema: "Dada, hii kitanda haitaki kulaliwa, inataka kuliwa. Ngoja nilete muhogo."

Tumecheka, lakini kuna jambo la kweli ndani yake. Ofisi ya komuni imemwagiza Nasoro viti thelathini vya wageni kwa siku ya uhuru, ambayo inasemwa itakuwa katikati ya mwaka huu. Ni kazi yake kubwa ya kwanza. Wageni watavaa nguo nyeupe. Hebu fikiria wimbo upigwe, wakubwa wainuke, na viti viinuke pamoja nao!

Mama aliwahi kunitajia kwamba wakati wa vita vya Wazungu, verni ilipokosekana, wewe na marehemu Baba mliipika wenyewe hapo Baraka. Nilimuuliza inapikwaje. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Muulize baba yako mdogo," akaendelea kuchambua.

Basi nakuuliza. Tuandikie inavyopikwa, na dua zetu zote ni zako.

Mwanao mwenye furaha isiyo na kipimo,
Chausiku binti Hamisi

*

Baraka, 20 Februari 1962

Kwa mwanangu Chausiku.

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata siku ya tano ya mfungo. Nashukuru Mungu kwa ndoa yako. Mguu unaenda vizuri kiasi. Paa la karakana linavuja upande wa ziwa. Mbuzi mmoja amezaa. Msalimie mume wako, na huyu Lukeba anamletea patasi ya inchi moja, chuma cha zamani, asiinoe kwenye jiwe la kawaida. Msalimie mama yako.

Kuhusu verni, ni mambo ya zamani na mengi nimesahau. Mwambie Nasoro apake nta ya nyuki, aisugue na kitambaa cha sufu. Inatosha kwa viti.

Kitanda kipanguseni kwa majivu ya moto na mchanga laini, mara nne. Mawese hayakauki, hata mkingoja mpaka mpate wajukuu. Mafuta yanayokauka ni ya mbarika, na hayo pia si hivi hivi.

Lukeba ananiharakisha, upepo unageuka.

Alimasi

*

Rumonge, 11 Machi 1962

Baba mdogo mpendwa,

Idi njema, ingawa imeshapita. Nasoro alinunua kitambaa cha bluu chenye maua madogo meupe, akakipeleka mwenyewe kwa fundi na vipimo vyangu alivyovikadiria kwa kutazama tu. Nguo imenikaa kama ngozi! Généreuse anasema mwanamume anayejua kiuno cha mkewe bila futi ni wa kuchungwa. Patasi yako imepewa heshima. Inalala kwenye kitambaa chake peke yake. Nilimfikishia Mama salamu zako. Akasema amesikia.

Umesema umesahau, halafu umeandika "mbarika". Baba mdogo, mimi nimesoma kwa masista, sentensi iliyojificha chini ya karatasi huwa naisoma mara mbili.

Basi tumechuma mbegu za mbarika huku nyuma ya soko, na nyingine zimeletwa kutoka Muhuta. Généreuse ametukopesha kinu chake na maneno mengi. Tumetwanga, tumechemsha, tumeengua mafuta. Tumeyapika na sandarusi saa tatu nzima na kupaka kiti kimoja cha majaribio. Nta ya nyuki tulijaribu pia, lakini katika jua la hapa ziwani ililainika mchana ule ule, na Nasoro akaniambia: "Hivi viti vitakaa nje juani saa sita nzima. Wewe ungeketi?"

Kiti cha mbarika si kama kitanda. Hakina mafuta ya kuchuruzika. Ila verni yake ni nzito nzito, kama asali iliyosahaulika, na jana kuku alikikanyaga akaacha manyoya. Siku kumi sasa. Komuni imetuma mtu kusema sikukuu ni tarehe mosi Julai, na wanataka viti wiki moja kabla.

Nimeona Nasoro anavyokwenda kukigusa kiti kile akidhani sioni. Anaweka kidole, anakibandua, anatazama ziwa. Akikosa kazi hii, amesema atakwenda kufanya kazi kwenye mashua za Kigoma, miezi sita huko, labda mwaka. Baba mdogo, nimeolewa siku sabini na tisa tu. Sitaki mume wa barua.

Nimemwandikia Sista Marguerite aliyetufundisha sayansi. Nakumbuka alituambia kwamba mafuta yanapokauka hayaendi hewani kama maji. Vipande vyake vidogo sana, visivyoonekana, hushikana mikono mpaka vinakuwa wavu mmoja, na wavu huo ndio ugumu tunaougusa. Nilimwambia Nasoro hivyo tukiwa tunatwanga. Akasema, "Kwa hiyo mimi na wewe tumeshakauka?" Nikamwambia bado, sisi ndio kwanza tunapikwa.

Lakini mbarika yetu haitaki kushikana mikono. Kuna kitu mlikifanya, wewe na Baba. Ni kitu gani?

Mwanao,
Chausiku

*

Baraka, 2 Aprili 1962

Chausiku,

Tumesikia na tumefurahi kwamba mu wazima. Huku kuna askari wanapita pita, mara hawa mara wale, lakini sokoni watu wanauza. Paa nimeziba. Mtoto wa mbuzi amekufa. Msalimie mama yako.

Baba yako Hamisi ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa mtu wa kupokea na kuleta. Alikuwa na mkono wa kupima bila kipimo.

Sitaandika inavyopikwa. Si kwamba nawanyima. Mume wako ni kijana, ana mikono yote miwili na macho yote mawili, na Kigoma si mbali. Miezi sita inapita. Mwambie komuni waagize verni Usumbura, wana magari.

Msipike ndani. Usisimame karibu na chungu. Na usiniulize tena jambo hili.

Alimasi

*

Rumonge, 6 Mei 1962

Baba mdogo,

Heshima yako, na samahani kwa karatasi hii yenye doa, ni mbarika. Hatujambo sote. Mama hajambo. Nilimfikishia salamu, akauliza, "Ameandika nini kingine?" Nikamwambia umesema Baba alikuwa na mkono wa kupima bila kipimo. Akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu na hakuna alichopika.

Barua yako fupi iliniliza, sikufichi. Nilijiuliza nimekukosea nini. Nasoro akaisoma akasema, "Huyu mzee hana hasira. Iko kitu anaogopa." Mimi sijui. Najua tu umesema nisikuulize, na sikuulizi. Leo nakupa habari, tena habari njema!

Sista Marguerite amejibu. Kurasa mbili, kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama nyuzi za kinanda. Anasema mafuta ya mbarika yamefunga maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yanayozuia vipande visishikane. Lazima yapikwe kwa moto mkali mpaka yatoe maji, na asidi kali kidogo ndiyo inayoyafukuza. Maji yakitoka, mikono inabaki wazi, na mikono iliyo wazi hutafuta mingine. Nimeisoma sehemu hiyo mara sita. Nani amesema sayansi haina mapenzi?

Asidi tumepata. Idi, dereva wa kamiyo ya mawese, ametupa chupa nzima ya maji ya betri. Nasoro amepata pipa la chuma la lita mia. Sandarusi ya Lukeba inatosha mara moja tu, na mbegu pia zinakwisha, kwa hiyo hatutapika kidogo kidogo kama watu wa majaribio. Tutajaza pipa mpaka shingoni, tumimine asidi, tuchochee kuni, na kwa siku moja verni ya viti vyote thelathini itakuwa tayari. Tumepanga Jumamosi, tarehe ishirini na sita mwezi huu, uani kwetu, kwenye ukuta wa jiko ili upepo wa ziwa usitusumbue. Nasoro atakoroga kwa mti wa kasia, mimi nitamimina asidi. Tutafanya pamoja. Nimeshaazima kikombe.

Ulisema nisisimame karibu na chungu. Nisamehe, lakini atakaposimama yeye nami nitasimama hapo hapo.

Lukeba anatia saini kwamba amepokea barua hii, kwa sababu ya mwisho aliikalia wiki mbili. Anasema: "Mwambie mzee kwamba mapenzi ya huyu mutoto yamekuwa mizito kuliko ndagala, mutumbwi yangu inazama."

Wako,
Chausiku

*

Baraka, Alhamisi 24 Mei 1962

Chausiku mwanangu,

Mashine ya mtumbwi wa Lukeba iliharibika Ubwari, akakaa huko siku kumi na moja. Barua yako nimeipata leo adhuhuri. Barua hii haipiti kwake. Naileta mwenyewe kwa mashua ya kwanza itakayoondoka. Naiandika kwa sababu najijua: nikifika mbele yako nitaanza kuongea habari za mbao.

Isome kabla moto haujawashwa.

Baba yako hakufa kwa homa. Ulikuwa na miaka mitatu, na mimi ndiye niliyesema waseme homa.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na nne. Karakana moja ya meli ilitaka verni, haikuwa ikifika kutoka Ulaya. Hamisi ndiye aliyegundua njia. Alijaribu mwaka mzima kwa chungu kidogo. Alijua mbarika hutoa maji ikipikwa, na maji yale yakitoka ndani ya mafuta ya moto huleta povu, na povu hupanda ghafla kuliko maziwa. Kwa hiyo chungu chake hakikuvuka theluthi. Asidi aliitia kwa matone, kwa unyoya wa kuku, mafuta yakiwa yamepata vuguvugu tu.

Siku ile tulikuwa na kazi nyingi na mimi nilitaka kuwahi ngoma ya harusi Mtambala. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Yeye alikwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi nilikuwa nimejaza chungu mpaka juu ili tupike mara moja badala ya mara tatu. Akasema, "Alimasi, punguza." Nikasema ndiyo kaka. Akainama kukoroga, nami sikupunguza. Nilimimina asidi kwa kikombe, mafuta yakiwa ya moto kabisa. Alikuwa amenipa mgongo.

Aliishi siku nne. Hakumwambia mtu. Mama yako aliniuliza mbele yake, "Nani alijaza chungu?" na Hamisi akajibu, "Mimi." Mama yako alinitazama. Tangu siku hiyo hajanitumia salamu, nami sijamlaumu. Mikono yangu iliungua nilipomvuta, ndiyo maana umeniona siku zote na mikono mirefu ya shati. Mguu wangu hauna kitu. Harusini sikuja kwa sababu ni mimi ningesimama mahali pa baba yako.

Niliponyamaza Januari nilidhani nawalinda. Kumbe nilikuwa nakuachia wewe ugundue njia yote isipokuwa ile sehemu inayoua. Hata kikombe umeazima.

Sasa shika haya. Pipa liwe mbali na ukuta, mahali penye nafasi ya kukimbilia. Mafuta theluthi, yasizidi. Asidi matone ishirini kwa theluthi hiyo, tone moja moja, kabla mafuta hayajawa moto. Moto mdogo kwanza. Povu likipanda, vuta kuni, usikoroge, ngoja lishuke. Mchanga ndoo mbili karibu, maji usiyasogeze. Povu likishuka lenyewe na lisirudi, maji yametoka. Tia kijiko cha ule unga mweusi wa ndani ya betri za tochi, ndio unaoharakisha kukauka. Sandarusi iyeyushwe peke yake katika chungu kingine mpaka iache kulia, kisha iondolewe motoni ndipo mafuta yamiminwe juu yake polepole. Tone likiwekwa kwenye bati na kuvutwa likatoa uzi, imeiva. Mafuta ya taa ya kulainishia yatiwe pakiwa pamepoa, na moto umezimwa kabisa.

Haya ni ya Hamisi. Mimi nimeyatunza tu.

Alimasi

*

Rumonge, 8 Julai 1962

Baba mdogo,

Hatujambo. Uhuru umekuja. Mvua hakuna, ndagala zinakauka kwa siku moja.

Uliondoka Jumapili ile alfajiri bila kuaga, na mimi nilikuwa sijakuambia neno. Wiki sita nimeshindwa kuandika. Wewe ulinipa karatasi kwa sababu mdomo ulikataa. Na wangu umekataa vile vile, kwa hiyo pokea karatasi.

Nilikuona mlangoni Jumamosi saa mbili asubuhi, nguo zimeloa mpaka kiunoni, na nilichofikiria kwanza ni kwamba hatukuwa na mkate wa kutosha. Ukanipa barua, ukasema, "Isome. Mimi nangoja," ukakaa juu ya rundo la mbao. Nasoro alikuwa ameshajaza pipa mpaka shingoni na ameshika kiberiti. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika ukurasa wa pili nilimwambia, "Weka kiberiti chini." Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, kwa sababu aliweka bila kuuliza.

Ndipo Mama akatoka jikoni na beseni. Mlitazamana. Mimi nilikuwa na barua mkononi na sikujua nimpe au nifiche. Wewe ukakunja mikono ya shati, ile mikono miwili, nami nikaona kwa mara ya kwanza. Mama akaitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Pipa liko karibu na ukuta. Lisogezeni." Akaenda kuleta mchanga.

Unajua yaliyofuata, lakini nayaandika ili nayo yawe mahali fulani. Tulichota mafuta kwa kata mpaka yakabaki theluthi. Ulitia matone kwa unyoya, ukihesabu kwa sauti, moja mpaka ishirini. Ulimkataza Nasoro kukaribia. Povu lilipopanda lilikuja na sauti ya mtu anayevuta pumzi, likapita nusu ya pipa, likasimama kiganja kimoja chini ya ukingo. Nasoro alinishika mkono. Likashuka. Hapo nilielewa pipa lililojaa lingefanya nini, na nani angekuwa ameinama, na kikombe kingekuwa mkononi mwa nani. Tulipika mara tatu mpaka jua likaelekea Kongo. Mama alikuwekea wali na samaki wa mukeke, akasema, "Alimasi, kula," nawe ukala chakula chote ukitazama sahani.

Sasa lile gumu. Miaka kumi na minane nimemwombea Baba nikiwa na homa akilini, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, kifo cha utulivu. Umeniondolea hicho na sina kingine cha kuweka. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira juu yako kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilisema laiti ungeandika Januari, laiti ungeandika Aprili. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, ukanipa habari za mbuzi. Halafu Jumamosi nilimsikia Nasoro uani anapaka viti huku anapiga mluzi, mikono yote miwili, macho yote mawili kama ulivyoandika, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Inarudi, lakini haikai siku nzima. Sijui kama hiyo inaitwa kusamehe. Nikijua nitakuandikia.

Viti vilikauka kwa siku mbili, Baba mdogo! Siku mbili! Nasoro alinizungusha uani mpaka Généreuse akaja kuuliza kama kuna msiba. Vinang'aa hivi kwamba unaona ziwa kwenye migongo yake. Kigoma haitajwi tena nyumbani kwetu. Tarehe mosi wageni waliketi tangu saa mbili mpaka saa saba, jua kali, nguo nyeupe tupu. Wimbo ulipopigwa niliacha kutazama bendera, nikatazama viti. Watu thelathini waliinuka. Viti thelathini vilibaki chini. Nililia, na watu waliokuwa karibu wakadhani ni kwa ajili ya nchi. Basi na iwe kwa yote mawili. Baadaye Lukeba alikwenda kuketi kwenye kiti cha mkubwa mmoja, akainuka, akaketi, akainuka, akatangaza: "Iko safi! Suruali yangu imerudi nzima!" Généreuse akasema muhogo wake umekosa kazi mara ya pili.

Kitanda Nasoro amekiparua chote na kukipaka upya. Sielezi zaidi, ila sishikwi tena na ubao.

Verni iliyobaki ilitosha kiti kimoja. Nasoro ametengeneza cha thelathini na moja kwa ile patasi yako, na kiko sebuleni tangu Jumatano. Hakuna aliyekikalia. Mama alipita leo asubuhi, akakiwekea kiganja, akakitoa, akakitazama kiganja chake. Barua yako nilikuwa nimempa juzi. Hakuirudisha, na sitaidai.

Nilipoketi kuandika hii aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia. Akasimama nyuma yangu, akasema niandike maneno haya kama yalivyo, nisiyapambe kwa Kiswahili cha masista:

Mama anakusalimu. Anasema kiti kimekauka, uje ukikalie.

Chausiku